Nani Anaamua, na Lini?

Mhadhara kwa wanafunzi wa uchumi, Nairobi

Mwenyekiti, wahadhiri, na nyinyi vijana mliojaa mpaka kwenye ngazi, hamjambo? Asanteni. Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie utafiti wa sera za umma na kazi zinazotokana nao. Najua ni hiyo nusu ya pili iliyowaleta hapa, na sioni ubaya. Kwenye kazi tutafika. Ila nitazunguka kidogo, maana anayeomba kazi hii bila kujua inafanywaje, hata akiipata hakai.

Wangapi mmesoma modeli ya Harris na Todaro? Inueni mikono. Karibu nyote. Basi mnaikumbuka: mtu wa shambani hahami kwa kuangalia mshahara wa mjini tu, bali huuzidisha na uwezekano wa kuupata. Kwa hiyo kazi zikiongezwa mjini, wasio na kazi wanaweza kuongezeka. Mmeichora ile grafu, mkafanya mtihani, mkaisahau. Sasa niambieni, wazo hilo lilipikwa wapi?

(Kimya. Sauti moja kutoka nyuma: "MIT?")

Nusu umepata. Harris alikuwa mhadhiri MIT, chuo kikuu cha Marekani. Lakini makala yao yalipochapishwa mwaka 1970, Todaro alikuwa mtafiti katika taasisi ya taaluma za maendeleo ya chuo kikuu cha Nairobi, enzi hizo kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Ni mwendo wa matatu moja kutoka hapa tulipo. Na kisa kilichowakeresha kilikuwa chetu. Mwaka 1964, uhuru ukiwa bado mchanga, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia saini mapatano ya pande tatu. Waajiri waliahidi kuajiri watu zaidi, vyama vikaahidi kutodai nyongeza ya mishahara kwa muda. Kwenye karatasi ni hesabu ya darasa la nne: ongeza kazi, punguza wasio na kazi. Habari zikafika mashambani. Watu wakafunga virago wakaja mjini kutafuta hizo nafasi, na tatizo lililokusudiwa kupunguzwa likavimba.

Kila mwaka wanafunzi wa uchumi, wa huku na wa ng'ambo, wanasoma modeli hiyo kana kwamba ilishuka kutoka mawinguni. Ilitoka kwa watu waliokuwa Nairobi wakijaribu kuelewa kwa nini uamuzi wa serikali ulizaa kinyume chake. Mapatano yale yalijibu swali la waajiri na la vyama. Hayakuwa na jibu la swali moja: kijana aliyeketi nyumbani Kitui au Siaya atafanya nini akiisikia habari hii redioni?

Kazi yetu ni kuuliza swali la namna hiyo kabla kalamu haijagusa karatasi. Nani anaamua? Anaamua lini? Na akiamua hivi badala ya vile, nani atafaidika, nani ataumia, na nani atabadilisha mwenendo wake kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia? Mhadhiri wako anaweza kukaa na swali moja miaka sita, na ni sawa, ndiyo kazi yake. Mbunge wa Kamati ya Bajeti ana hadi Alhamisi.

Suala la tarehe ndilo linalowashinda wahitimu wengi, kwa hiyo nilisemee kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 ina kalenda. Kufikia mwisho wa Septemba, Hazina ya Kitaifa inatakiwa iwe imeandaa tathmini ya bajeti iliyopita na mwelekeo wa ijayo. Kufikia Februari 15, taarifa ya sera ya bajeti iwe imefika bungeni, na kaunti nazo zina hadi mwisho wa mwezi huo kuwasilisha yao. Kufikia Aprili 30, makadirio yenyewe. Utafiti wako kuhusu ushuru wa mafuta, hata uwe mzuri kiasi gani, ukiwasili Julai utaambiwa asante sana, karibu tena mwakani. Ukiwasili Novemba, hata ukiwa na nusu tu ya uzuri huo, kuna mtu ataubeba hadi kikaoni. Kalenda hiyo ibandikeni ukutani. Hakuna mtihani utakaowauliza, lakini atakayewahoji kazini atatambua mara moja nani anaijua na nani haijui.

Tuchukue sasa mfano mmoja tuuchambue vizuri. Kikomo cha riba. Wengi wenu mlikuwa bado shule ya msingi. Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyozuia benki kutoza riba ya zaidi ya pointi 4 za asilimia juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu. Ikaanza kutumika Septemba, na kikomo kikawa kama asilimia 14. Wananchi walishangilia, na nawaelewa: watu walikuwa wakilipa asilimia 18, wengine 20 na ushei, huku benki zikitangaza faida nono kila robo mwaka.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua la kusema hapo. Anachora bei ya juu kabisa iliyowekwa chini ya msawazo, yaani chini ya bei ambayo soko lingejipangia, anasema mikopo itapungua, anaketi. Na kweli, mikopo kwa sekta ya kibinafsi ilisinyaa. Mwenye kibanda cha mitumba Gikomba, ambaye benki ingemkopesha kwa asilimia 20 kwa kuwa inamwona hatari, kwa 14 haikumtaka tena. Benki ikaona afadhali ikopeshe serikali, ilale usingizi. Wengi wakakimbilia mikopo ya simu, ambayo sheria ile haikuigusa. Novemba 2019 kikomo kikaondolewa.

Kwa hiyo mwanafunzi wetu alikuwa sahihi? Subirini. Chora ukuaji wa mikopo mwezi kwa mwezi, na utaona mstari ulianza kuteremka kabla ya sheria kuwepo. Benki ya Imperial iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyokwama, Oktoba 2015, Chase ikafuata Aprili 2016. Wenye amana wakaanza kuhamisha hela kutoka benki ndogo kwenda kubwa, na zile ndogo zikabana mikono. Kisha ukaja mwaka 2017 na ukame wake, uchaguzi wake, na marudio ya uchaguzi. Sasa mtu wa Hazina anakuuliza: tukiondoa kikomo, mikopo itarudi kwa kiasi gani? Hajakuuliza kama grafu ya mwaka wa kwanza ni ya kweli. Anataka kujua mporomoko ule, fungu gani ni la sheria na fungu gani lingetokea hata kama Bunge lingelala.

Hapo huna budi kutafuta cha kulinganisha. Mikopo iliyokuwa tayari chini ya asilimia 14 haikuguswa moja kwa moja na sheria, iliyokuwa juu iliguswa. Benki zilizokuwa na wateja wadogo wengi ziliguswa kuliko zile zinazokopesha kampuni kubwa. Unazitazama kabla na baada, unatoa tofauti ya tofauti. Mbinu mnaijua, mmeifanya katika ekonometria, ile hesabu ya kupima uchumi kwa takwimu. Msiyofundishwa ni kuandika mwishoni: "Makadirio yetu ni baina ya hapa na hapa, na zaidi ya hapo data hairuhusu." Wanasiasa hawaipendi sentensi hiyo. Wakubwa wako kazini nao watakushauri uilainishe. Usiilainishe.

Na data yenyewe inatoka wapi? Hapa nitachukua muda, mnivumilie, maana ndipo panapodharauliwa.

Mei 2017, uchaguzi ukiwa mlangoni, serikali iliwauzia wasagaji mahindi kwa bei nafuu ili pakiti ya unga ya kilo mbili iuzwe shilingi 90. Mliokuwa mjini mnakumbuka: rafu tupu dukani, foleni asubuhi, na maduka yakimruhusu kila mteja pakiti mbili tu. Swali la mtafiti: hela ile ya umma ilimfikia nani? Unga wa pakiti ni wa mtu anayenunua dukani. Lakini kuna mama wa Kibwezi anayenunua mahindi sokoni kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, akayapeleka kusagwa kwenye kinu cha posho, na hiyo pakiti ya 90 haioni. Hata hapa mjini, Mathare na Mukuru, watu wengi hupimiwa unga wa posho kutoka kwenye gunia. Ruzuku iliyopita kwenye pakiti inaweza kumruka yule ambaye jina lake ndilo lililotumiwa kuihalalisha.

Ili kulijibu swali hilo kwa namba, unahitaji kujua kaya zinakula nini, kutoka wapi, kwa bei gani. Hojaji inauliza: katika siku saba zilizopita, kaya hii ilitumia unga wa mahindi kiasi gani? Karatasini ni swali la kilo. Sasa piga hodi.

"Mama, wiki iliyopita mlitumia unga kiasi gani?"

"Inategemea."

"Tuanze Jumatatu."

"Jumatatu nilichukua wa hamsini. Jumanne tukala githeri. Jumatano nikakopa kwa jirani, kikombe hivi. Ijumaa baba watoto akaja na gorogoro."

"Na mafuta?"

"Ya ishirini. Siku zingine ya kumi."

Mmesikia kilo hapo? Huo ndio uchumi wa kadogo, na ndio uchumi wa sehemu kubwa ya jiji hili: kiasi ni bei. Mafuta ya ishirini ya mwezi huu si mafuta ya ishirini ya mwaka jana. Bei ikipanda, mwenye duka habadilishi ishirini, anapunguza kipimo. Ukiandika tu "shilingi 20" na usijue ni mililita ngapi, utaona matumizi hayajabadilika wakati watoto wanakula mboga kavu. Na gorogoro nazo si moja. Kuna ya kujaza mpaka iwe na kilele, kuna ya kufuta kwa kiganja, na kuna iliyobonyezwa kitako na muuzaji mjanja. Lazima mtu aende soko lile, mwezi ule, na mizani mkononi, apime. Kazi hiyo haina cheo cha kutamba nacho nyumbani Krismasi.

Utafiti mkubwa wa bajeti za kaya uliofanywa na shirika la takwimu la taifa, KNBS, mwaka 2015/16 ulitupa kiwango cha umaskini cha asilimia 36.1. Mtaisikia namba hiyo kwenye hotuba na kwenye maombi ya ufadhili, mpaka ile nukta moja inatajwa kwa heshima kama nambari ya leseni. Chini yake kuna maelfu ya mazungumzo kama hayo niliyowasimulia. Ndiyo maana mwanafunzi akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze kama karani wa utafiti. Nenda na hojaji nyumba kwa nyumba likizo moja. Utarudi ukisoma majedwali kwa macho mengine, na siku ukiajiriwa kuandika hojaji hutaandika swali lisilojibika.

Kuna kisa cha Busia, magharibi mwa Kenya, ambacho lazima nikitaje, ingawa kwa mkato kwa sababu mmekisoma. Miaka ya 1990 Michael Kremer na wenzake walichagua shule kwa bahati nasibu, baadhi zikapewa vitabu vya kiada. Kila mtu alikuwa na uhakika vitabu vitapandisha alama. Wastani haukupanda. Walionufaika ni watoto waliokuwa tayari vinara wa darasa. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale hiyo ni lugha ya tatu. Baadaye zikaja dawa za minyoo, katika shule 75, na utoro ukapungua kwa takriban robo. Makala yalichapishwa 2004, mpango wa kitaifa wa kuwapa watoto dawa ukaanza 2009, na mwaka 2019 Kremer akapata Nobel pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Lakini mwaka 2015 watafiti wengine walizipitia upya data zilezile, walizopewa na waandishi wenyewe, wakakuta makosa ya hesabu, na ukazuka ugomvi wa kitaaluma ambao mpaka leo una pande mbili. Mimi kinachonipendeza katika kisa hicho ni kwamba data zilitolewa. Mtafiti anayeficha faili zake hana matokeo, ana madai.

Na tusilewe na bahati nasibu. Inafaa kwa vitabu na vidonge. Huwezi kuchezesha bahati nasibu ni nani apate kiwango cha riba cha Benki Kuu na nani asikipate.

Haya, kazi. Naona mmekaa wima.

Mji huu umejaliwa. Upper Hill, Barabara ya Bishops, kuna KIPPRA, iliyoundwa 1997 na baadaye ikapewa sheria yake ya mwaka 2006. Ndiyo taasisi ya serikali ya kuchambua sera, na ina mpango wa wataalamu chipukizi unaowachukua vijana kwa mwaka mmoja. Ukipata nafasi, ichukue. Utafundishwa modeli, utaandika karatasi chini ya mtu atakayeirudisha imejaa wino mwekundu, na utaona wizara zinavyofikiri. Mipaka yake ni kwamba uko karibu na sikio la serikali, na aliye karibu na sikio hunong'ona.

Bunge lina Ofisi ya Bajeti. Hao wanaandikia wabunge wa pande zote, kwa haraka, na kwa lugha ambayo mtu asiye mchumi ataielewa akiwa ndani ya gari. Kama una kalamu nyepesi, pale ni pako.

Shirika la takwimu na Benki Kuu mnazifahamu. Wizara nazo zina wachumi wa mipango, na nafasi hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Benki ya Dunia na mashirika ya Umoja wa Mataifa mnayafahamu zaidi yangu, tena mnayataka, kwa hiyo sipotezi muda hapo.

Nataka kupoteza muda kwenye kaunti. Kuna 47. Kila moja inatakiwa kisheria iwe na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, mpango wa kila mwaka, na makadirio ya mapato. Katiba inazihakikishia kaunti kwa jumla angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na pesa nyingine kaunti hujikusanyia zenyewe: ada za maegesho, kodi za ardhi, leseni, cess ya mazao. Sasa chukua ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, zinatoka kila robo mwaka na ni za bure. Weka safu mbili: kaunti ilitarajia kukusanya kiasi gani, ilikusanya kiasi gani. Mwaka baada ya mwaka, kaunti baada ya kaunti, safu ya kwanza inaishinda ya pili kwa mbali. Kwa nini? Wakati mwingine ni udhaifu wa ukusanyaji. Wakati mwingine matarajio yalitiwa chumvi makusudi ili bajeti iweze kubeba miradi ambayo kila mwakilishi wa wadi anaitaka. Miradi inaingia kwenye kitabu, pesa haziji, mwanakandarasi aliyekwisha kumwaga kokoto halipwi, na deni linahamia mwaka unaofuata. Mchumi kijana anayeweza kukadiria mapato kwa uaminifu, na kumweleza waziri wa fedha wa kaunti kwa adabu kwamba namba yake ni ndoto, anafanya kazi kubwa kuliko nyingi za Upper Hill. Ningekuwa na umri wenu ningeanzia huko. Mtasema Nairobi ndiko mambo yaliko. Nairobi ndiko watu walioandika kuhusu kaunti waliko.

Nje ya serikali kuna IEA, tangu 1994, inayochambua bajeti na masuala ya fedha za umma. Kuna Tegemeo, ya Chuo Kikuu cha Egerton, ambayo mtu akitaka kujua habari za mahindi, mbolea au maziwa hana budi kupitia kwake: imefuatilia kaya zilezile za wakulima tangu 1997, na kaya ileile kuulizwa tena baada ya miaka ni hazina ambayo nchi nyingi hazina. Kuna APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, ambacho kwa miaka mingi kimehesabu wanaozaliwa, wanaohama na wanaokufa katika mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani. Kuna mashirika ya utafiti ya Busara na IPA kwa wanaopenda majaribio. Na kuna kampuni za ushauri, ambako mkataba ni wa miezi na malipo huja mhisani akilipa. Hilo mlijue mapema mkipanga kodi ya nyumba.

Kitu kimoja kuhusu kuandika. Mhitimu wetu akiombwa waraka wa sera huleta kurasa 30: utangulizi, usuli, nadharia, mbinu, na jibu liko ukurasa wa 27. Msomaji wako aliishia wa pili. Jibu liwe aya ya kwanza: fanya hivi, itagharimu kiasi hiki, ataumia fulani, uhakika wetu ni huu. Ekonometria yako weka nyuma, kamili, kwa yule mmoja atakayetaka kukukagua.

Na jifunzeni kueleza haya kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Juni 2024 mliona wenyewe. Mswada wa Fedha ulipendekeza ushuru wa VAT wa asilimia 16 kwenye mkate, na ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana wa rika lenu waliusoma kifungu kwa kifungu, wakaurekodi kwa Kikalenjin, kwa Dholuo, kwa Gikuyu, kwa Sheng, na dada muuza mboga akajua kilichomo kabla mbunge wake hajaufungua. Kuna waliotoka barabarani Juni 25 na hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais alikataa kuutia saini. Sitageuza vifo vyao kuwa mfano wa darasani. Nasema tu kwamba ule usomaji, kukaa na mswada na kuuliza kifungu hiki kitamgusa nani, ndio uchambuzi wa sera, na ulifanywa na watu wasiolipwa. Ninyi mna ekonometria juu ya hayo. Swali ni hili: nani hatimaye hubeba ushuru wa mkate, muokaji au mnunuzi? Mnajua kulijibu. Lijibuni kwa sauti.

Nimeonyeshwa saa. Maswali.

*Swali: Je, ni lazima niwe na shahada ya uzamili?*

Kuitwa mtafiti, mara nyingi ndiyo. Kwa shahada ya kwanza utaingia kama karani wa utafiti, msaidizi wa utafiti au mchumi wa kaunti. Fanya hivyo mwaka mmoja au miwili kabla ya kurudi darasani, ujue unarudi kutafuta nini. Mkirudi, ulizeni kuhusu AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika. Iko hapa hapa Nairobi tangu 1988, na mpango wake wa uzamili unaviunganisha vyuo vya nchi nyingi za Afrika.

*Swali: Utafiti mwingi unaishia kwenye makabati. Inakuwaje mtu asikate tamaa?*

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja hapa, ukaandika ripoti juu ya ajira na usawa. Wakati huo fundi wa Gikomba alikuwa akivunjiwa kibanda na askari wa jiji. Ripoti ikasema huyu si tatizo la kuondolewa, anazalisha, ana faida, mwacheni afanye kazi. Serikali haikukimbilia kuitekeleza. Sera ya serikali iliyompa nafasi ya maana mtu wa jua kali ni waraka wa bunge wa mwaka 1986, kisha mwingine wa 1992 uliohusu sekta yake hasa. Miaka 14, halafu 6. Kwa hiyo weka kazi yako mahali inapopatikana, bila kulipiwa, na data zake. Atakayeihitaji anaweza kuwa bado yuko kidato cha pili.

*Swali: Data tunazipata wapi sisi wanafunzi? Tukiomba ofisini tunazungushwa.*

KNBS ina hifadhi ya mtandaoni inayoitwa KeNADA. Unajisajili, unaeleza unataka kufanyia nini, unapakua. Kabla hujafungua faili la data, soma hojaji yote na mwongozo wa makarani. Ukizungushwa na ofisi nyingine ya umma, kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Andika barua, itaje sheria, weka tarehe, bakia na nakala. Wanaozungusha watu huwa hawapendi tarehe.

*Swali: Na kama aliyelipia utafiti hataki matokeo yatoke?*

Hilo hutokea, tena kwa wahisani kama kwa serikali. Dawa yake iko kabla ya kuanza. Mkataba unasema data ni za nani, nani ana haki ya kuchapisha, na mfadhili ana siku ngapi za kutoa maoni kabla hujachapisha. Kama hausemi, omba uongezwe. Kama unasema matokeo ni mali yake peke yake, basi unafanya ushauri wa kibinafsi, jambo ambalo si dhambi, ila weka bei yake na usiuite utafiti wa umma. Kipengele hicho huwa kimewekwa nyuma kabisa, baada ya ukurasa wa malipo, na watu wengi wakishaona malipo hufunga karatasi.